Kuruti simu ya Android bila kuiua: maswali ya wanaoanza

Majibu haya ni kwa mwenye simu ya Android, kompyuta ya kwake au ya kuazima, na hamu ya kujua. Kwenye hatua zenyewe natumia mfano wa Google Pixel, kwa kuwa Google huweka mafaili ya simu zake hadharani, na Pixel zilizotumika zimejaa sokoni siku hizi. Samsung, Xiaomi, Tecno na Infinix nimeziwekea majibu yake huko mbele.

Kuruti simu maana yake ni nini hasa?

Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux. Ndani ya Linux yupo mtumiaji mmoja anayeitwa root, na huyo hakatazwi kitu: anasoma faili lolote, anafuta lolote, anabadili lolote. Simu inapotoka kiwandani umeinunua wewe, lakini root si wewe. Programu zako nazo kila moja imefungiwa eneo lake, haiwezi kuchungulia la mwenzake.

Ukiruti, unajipatia njia ya kutumia mamlaka hayo. Programu ikitaka kufanya jambo la kiroot, simu inakuuliza kwenye skrini: unaruhusu au unakataa? Ukiruhusu, umeruhusu kweli. Hakuna mlinzi mwingine nyuma yako.

Nitajuaje kama nahitaji kuruti?

Anza kwa kuandika kwenye karatasi jambo moja unalotaka simu ifanye ambalo sasa haifanyi. Wengi wanaouliza habari za ruti wakibanwa kidogo wanasema mambo mawili: matangazo yamezidi, na simu ilikuja na programu lukuki zisizofutika. Yote mawili yanatibika bila kuruti.

Kwa matangazo, Android 9 na kuendelea ina sehemu ya Private DNS ndani ya mipangilio ya mtandao. Andika humo `dns.adguard-dns.com`, hifadhi, na sehemu kubwa ya matangazo kwenye programu na tovuti inakatika. Ya YouTube hayaondoki hivyo, usije ukanilaumu.

Kwa programu za kiwandani, washa USB debugging (namna ya kuiwasha iko kwenye hatua ya 1 huko mbele), chomeka simu kwenye kompyuta yenye ADB, programu ya kuitumia simu amri kutoka kwenye kompyuta, kisha:

`adb shell pm list packages`

Utaona orodha ndefu ya majina. Tafuta unayotaka kuiondoa, halafu:

`adb shell pm uninstall --user 0 jina.la.programu`

Amri hii haifuti faili lenyewe kwenye mfumo, inaiondoa kwako tu. Ukijuta:

`adb shell cmd package install-existing jina.la.programu`

Hata kufomati simu kunairudisha. Usiguse jina usilolijua, hasa lenye `systemui`, na usiondoe skrini ya mwanzo ya simu kabla hujaweka nyingine.

Yapo mambo yanayohitaji ruti kweli. Kuchukua bakapu ya programu pamoja na data yake yote ya ndani. Kuilazimisha betri iache kuchaji ikifika asilimia 80 kwenye simu isiyo na kipengele hicho. Kuchuja programu zipi zitoke mtandaoni na zipi zisitoke kwa ukuta wa moto wa AFWall+. Kuhariri faili la hosts, linaloamua majina ya tovuti yaelekee wapi, ili kuzuia matangazo kwa AdAway. Kama karatasi yako ina mojawapo ya hayo, endelea kusoma.

Jambo jingine: kuweka mfumo mbadala kama LineageOS hakuhitaji kuruti. Kunahitaji kufungua butiloda tu, yaani programu ndogo inayoanza kabla ya Android na kuiwasha, na LineageOS yenyewe huja bila ruti.

Kuna programu zinazodai kuruti kwa kubonyeza mara moja. Mbona usielekeze huko?

Kwa sababu zama zake zimepita. Programu hizo zilifanya kazi kwa kutumia matundu ya usalama ya Android za zamani. Towelroot ya George Hotz ya mwaka 2014, kwa mfano, ilipitia kasoro moja ya kerneli, na siku zile ilikuwa kweli ni kubonyeza mara moja. Matundu hayo yalizibwa. Kuanzia Android 7, simu inapowaka inakagua kama mfumo wake umechezewa, na ikigundua umechezewa wakati butiloda imefungwa, inaweza kugoma kuwaka.

Leo programu ya namna hiyo kwenye simu ya Android 12 au 14 itafanya moja kati ya mawili: itashindwa, au itakuwekea uchafu wake. Na fikiria hili pia: programu usiyoijua inayoweza kuvunja ulinzi wa simu yako kwa sekunde mbili haina sababu ya kuishia hapo.

Njia ya sasa ni kufungua butiloda kwa njia inayotambuliwa na mtengenezaji, kisha kutumia Magisk. Magisk iliandikwa na John Wu na kutoka mwaka 2016. Haibadilishi sehemu ya mfumo, inabadilisha picha ya kuwashia simu tu (boot image, faili ambalo simu huanzia inapowaka), ndiyo maana ni rahisi kuiondoa. Kuna KernelSU pia, ambayo ni nzuri, ila anayeanza abaki na Magisk kwanza.

Magisk haipo Play Store. Ipo GitHub kwenye ukurasa wa topjohnwu. Tovuti nyingine yoyote yenye jina la Magisk na vitufe vikubwa vya kijani si ya mwenyewe.

Ni kosa la kisheria?

Kuruti simu yako mwenyewe si sawa na kubadili IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ingawa vijiweni watu huchanganya. Kubadili IMEI ni kosa. Tanzania limo kwenye Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Usiguse namba hiyo, na fundi akikwambia "nitakubadilishia" mwambie hapana.

Simu ya mkopo, ile unayolipia kidogo kidogo kila siku na ukichelewa inajifunga, iache kabisa. Si yako mpaka umalize deni, na kuichezea ni kuvunja mkataba uliousaini.

Nitapoteza nini?

Kwanza, data yote. Kufungua butiloda kunafuta simu nzima: picha, meseji, kila kitu. Si hitilafu, imewekwa makusudi ili mwizi asifungue simu yako na kusoma vya ndani. Hakuna njia ya mkato hapa.

Pili, dhamana, kwa watengenezaji wengi.

Tatu, baadhi ya programu zitakukataa. Za benki hasa. Nyingi hutumia Play Integrity, huduma ya Google iliyochukua nafasi ya SafetyNet, kuuliza kama simu iko salama. Butiloda ikiwa wazi, jibu huwa baya. Zipo moduli (nyongeza za Magisk) za kuficha, zinafanya kazi mwezi huu, mwezi ujao zimegundulika. Ni kukimbizana kusikokwisha, na mimi simshauri mtu aweke mshahara wake katikati ya mbio hizo.

Nne, baadhi ya simu hushuka daraja la Widevine, ulinzi wa video za kulipia, kutoka L1 hadi L3, na Netflix inaacha kuonyesha picha kali.

Samsung ina lake peke yake, nitalieleza.

Na M-Pesa je?

Programu ya M-Pesa inaweza kukataa, sawa na za benki. Menyu ya namba haiangalii ruti. Ukipiga `*150*00#` kwa Vodacom Tanzania au `*334#` kwa Safaricom, huduma inapita kwenye mtandao wa simu na laini yako, na hali ya butiloda haiihusu. Hiyo ndiyo tofauti yetu na watu wa Ulaya wanaolia kwamba simu iliyorutiwa imewakatia pesa.

Pamoja na hayo, simu ya kwanza kuruti isiwe ile inayoendesha maisha yako. Chukua ya zamani iliyo kwenye droo.

Niandae nini kabla ya kuanza?

Hapa ndipo usalama wote ulipo. Kuruti kwenyewe ni amri chache tu. Simu zinazokufa, nyingi zilikufa kwa sababu mtu alianza bila faili sahihi mkononi.

Namba ya mfumo. Nenda About phone, soma Build number, ipige picha kwa simu nyingine. Faili utakalopakua lazima lilingane na namba hiyo herufi kwa herufi. "Inakaribia kufanana" ndiyo inayoua simu.

Fimwea kamili ya asili ya simu hiyo, yaani mafaili yote ya mfumo kama yalivyotoka kwa mtengenezaji, ikiwa tayari kwenye kompyuta. Hii ndiyo njia yako ya kurudi nyumbani. Kama huna, usianze.

Bakapu: picha nje ya simu, WhatsApp kwenye Google Drive, namba za watu kwenye akaunti ya Google. Hakikisha unakumbuka neno la siri la akaunti hiyo, maana simu ikishafutwa inaweza kukudai uingie kwa akaunti ileile.

Kebo nzuri ya kupitisha data. Kebo nyingi za mtaani zinachaji tu, na utakaa saa nzima ukidhani draiva ndiyo mbovu. Chaji ivuke nusu. Kama umeme wa kwenu una tabia ya kukatika, tumia kompyuta ya mapajani yenye betri inayotunza.

Mwisho, kifurushi cha platform-tools kutoka tovuti ya Android Developers. Ndani yake mna ADB na Fastboot, hii ya pili ikituma amri simu ikiwa kwenye butiloda.

Hatua zenyewe zikoje?

Kwa Pixel ni hivi.

1. About phone, gusa Build number mara saba mpaka ikwambie umekuwa msanidi. Ingia Developer options, washa OEM unlocking (ruhusa ya kufungua butiloda) na USB debugging.

2. Chomeka simu, fungua dirisha la amri kwenye folda ya platform-tools, andika `adb devices`. Ikitokea "unauthorized", tazama skrini ya simu, kuna ruhusa inakusubiri.

3. `adb reboot bootloader`, kisha `fastboot flashing unlock`. Simu itakuonya, chagua kwa kitufe cha sauti, thibitisha kwa kitufe cha kuwashia. Hapa ndipo data inafutika. Ikishawaka, ianzishe upya kama mpya na urudie kuwasha USB debugging. Kila ikiwaka sasa itaonyesha onyo kwamba butiloda iko wazi. Zoea.

4. Fungua fimwea uliyopakua, na zip iliyo ndani yake. Pixel 6 na za nyuma yake, toa `boot.img`. Pixel 7 na kuendelea, toa `init_boot.img`. Kanuni hiyo inagusa hata simu nyingine nyingi zilizotoka kiwandani na Android 13 au zaidi.

5. Nakili faili hilo kwenye simu, weka Magisk, bonyeza Install, kisha Select and Patch a File, ulichague. Mistari itapita. Unaotaka kuuona ni "Stock boot image detected", na mwisho "All done!". Juu yake kidogo imeandikwa faili jipya limewekwa wapi: kwenye folda ya Download, jina linaanza na `magisk_patched`.

6. Lirudishe kwenye kompyuta, ingia tena kwenye butiloda, andika `fastboot flash init_boot` (au `boot`) ikifuatiwa na jina la faili. Ukiona OKAY mbili, ya kutuma na ya kuandika, umemaliza: `fastboot reboot`.

Tazama na ukubwa. Faili la init_boot la Pixel linatumwa kama 8192 KB; la boot ni kubwa mara kadhaa. Kama namba hiyo haiendani na sehemu unayoiandikia, umechanganya mafaili, simama kabla ya kuwasha.

Wenye `boot.img` wana bahati moja ya ziada: `fastboot boot` badala ya `fastboot flash` inawasha simu kwa faili hilo mara moja bila kuliandika. Likiwa bovu, unazima na kuwasha, mambo yanarudi yalivyokuwa.

OEM unlocking imefifia, haibonyezeki. Nifanye nini?

Unganisha intaneti kwanza, weka akaunti, usubiri. Ikibaki vilevile, uliza simu ilikotoka. Pixel nyingi zilizotumika zinazokuja kutoka Marekani ziliuzwa na Verizon, na hizo hazifunguki. Muuzaji hatakwambia. Kwa hiyo unaponunua Pixel kwa nia ya kuruti, jaribu swichi hiyo palepale dukani kabla ya kutoa pesa.

Samsung?

Samsung haitumii Fastboot. Ina Download mode, na kwenye kompyuta hutumika programu ya Odin. Magisk inalifanyia kazi faili zima la AP (faili kubwa la mfumo ndani ya fimwea), si boot peke yake.

Knox, mfumo wa usalama wa Samsung, ndiyo ya kuiwazia. Ndani ya simu kuna fyuzi ya kielektroniki. Ukiwasha mfumo usio rasmi inakatika, na namba yake inageuka kutoka 0x0 kuwa 0x1 milele. Kurudisha fimwea ya asili hakuiponyi. Secure Folder na Samsung Pay zinakufa kwenye simu hiyo, na mnunuzi mjuzi ataikagua. Samsung za Marekani zenye Snapdragon nazo kwa kawaida butiloda yake haifunguki.

Xiaomi na Huawei?

Xiaomi na Redmi zinafunguliwa kwa programu yao ya Mi Unlock, baada ya kuunganisha akaunti na kusubiri, mara nyingi saa 168. Masharti yamekazwa zaidi tangu HyperOS, mfumo wao mpya. Anayekuuzia "kufungua bila kusubiri" achana naye. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018, kwa hiyo hapo hakuna cha kujadili.

Tecno na Infinix, ambazo ndizo tulizonazo wengi?

Nyingi hufunguka kwa amri ileile ya `fastboot flashing unlock`, kisha unathibitisha kwa kitufe cha sauti. Ugumu uko kwenye mafaili. Fimwea zake mara nyingi utazikuta kwenye tovuti za watu, na simu za jina moja sokoni zinaweza kuwa na namba za modeli tofauti, hata chipu tofauti. Jina la kwenye boksi halitoshi. Fuata namba ya modeli na Build number.

Nyingi zinatumia chipu za MediaTek, na kuzirudishia fimwea hutumika SP Flash Tool. Kwenye programu hiyo, juu ya orodha ya mafaili, kuna kisanduku cha kuchagua chenye maneno matatu: Download Only, Firmware Upgrade, na Format All + Download. Anayeanza huona la tatu limekamilika zaidi, akalichagua. Linafuta mpaka nvram, sehemu inayotunza IMEI na vipimo vya redio vya simu hiyo. Simu inawaka vizuri, inang'aa, na laini haishiki. Ukipiga `*#06#`, IMEI haipo. Tumia Download Only. Na siku ya kwanza ukishapata ruti, kabla ya kuchezea chochote, chukua bakapu ya nvram na nvdata, uzitoe nje ya simu. Kwenye Samsung sehemu ya namna hiyo inaitwa EFS.

Simu imekwama kwenye nembo. Imekufa?

Bado. Simu inayoonyesha nembo iko hai. Ingia kwenye butiloda kwa vitufe (Pixel ni kupunguza sauti pamoja na kuwashia), kisha andika faili la asili: `fastboot flash init_boot init_boot.img`, au boot kama ndiyo uliyoigusa. Itawaka bila ruti, na data yako ipo. Kwa sababu hii nilisema faili la asili likae kwenye kompyuta.

Kama ilikwama baada ya kuweka moduli, tatizo ni moduli. Iwashe kwenye safe mode. Magisk ikiona hivyo inazima moduli zote. Washa tena kawaida, ufute iliyoleta balaa. Weka moduli moja moja, uwashe simu katikati. Anayeweka sita kwa mpigo hajui aanzie wapi.

Nikisasisha simu, ruti inabaki?

Haibaki, kwa kuwa sasisho linaleta picha mpya ya kuwashia. Pixel na simu nyingine zenye sehemu mbili za mfumo: kabla ya kupakua sasisho, ndani ya Magisk chagua Uninstall, kisha Restore Images, bila kuwasha upya. Acha sasisho lishuke, ila usikubali kuwasha simu. Rudi Magisk, Install to Inactive Slot, ndipo uwashe. Usiache kusasisha kwa kuogopa kupoteza ruti. Simu iliyorutiwa inahitaji viraka vya usalama kuliko ile ya jirani yako.

Nikitaka kurudisha kama zamani?

Magisk ina kitufe cha kujiondoa kabisa. Kufunga butiloda tena ni jambo jingine: usiifunge mpaka umerudisha fimwea yote ya asili na simu imewaka vizuri. Ukiifunga wakati kuna kitu kimebadilishwa, ukaguzi wa kuwasha utaikataa, na njia ya kuirekebisha umeshajifungia. Na kufunga nako kunafuta data, kama kufungua.

Hivi si bora nimpe fundi tu?

Wako mafundi hodari, Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli ya Nairobi wamejaa. Kabla hujamkabidhi simu, toa laini na kadi ya kumbukumbu, piga `*#06#`, andika IMEI zote mbili. Muulize anatumia njia gani. Akisema Magisk na kukuonyesha faili la modeli yako, mwachie. Akisema ana programu yake, ondoka nayo. Ukiipokea, piga `*#06#` tena mbele yake, ulinganishe, weka laini upige simu moja, kisha fungua Magisk sehemu ya Superuser uone ni programu zipi zimepewa ruhusa. Simu iliyotoka kurutiwa inatakiwa iwe tupu hapo. Ukikuta jina usilolijua, ifomati ukiwa bado umesimama kwenye meza yake.